Toa Muziki

Simu nimeifunga kwa mpira wa baiskeli
kwenye kioo cha mbele cha kichwa cha treni,
jicho lake kwenye reli, kisogo chake kwangu.
Kajiru, dereva, hanigombezi siku hizi.
Anasema tu: isije ikanizibia ishara.
Kisha anavuta honi, na Arusha inatuachia.

Nyuma yetu mabehewa kumi na mawili, matupu,
yana vumbi la saruji iliyoshushwa jana.
Tunapita uani mwa watu.
Treni haijui mlango wa mbele wa mtu yeyote:
inaona majiko, kanga zilizoanikwa, bata,
mwanamume anayenyoa ndevu kwa kioo cha pikipiki.

Usa, na vitalu vya maua chini ya nailoni.
Mbuzi watatu katikati ya reli, wanafikiri.
Kikuletwa, darajani, maji ya rangi ya chai ya maziwa.
Na ukiwa na bahati, kabla ya Rundugai,
Kibo anasukuma blanketi, anafunua uso,
na hata Kajiru, aliyemwona mara elfu,
anaacha kutafuna muwa.

Nilidhani hicho ndicho atakachokitaka Baba.

Baba alitunza njia hii miaka ishirini na sita,
gengi namba tisa, koleo, nyundo, mataruma begani.
Sasa yuko Njoro, kitandani karibu na dirisha,
ana mtoto wa jicho, kulia na kushoto.
"Nina watoto watatu," huwaambia wageni,
"wawili hawatoki machoni,
wa tatu hakai nyumbani."

Mara ya kwanza nilimpelekea safari nzima, saa tatu,
nimeipamba: gitaa, kinanda, kwaya ikipanda
kila mlima unapopanda.
Alisikiliza kama mtu aliyeletewa uji usio na chumvi.
"Aikasia," akasema. "Toa muziki."

Nikatoa.

Tak-tak. Tak-tak.
Kidole chake kikaanza kugonga ukingo wa kitanda.
"Hapa mmeingia kona."
Tulikuwa tumeingia kona.
"Hapa kalvati. Tuliijenga mwaka wa mvua kubwa,
Kileo akapoteza kidole, tukamnunulia soda."
Kibo akajaa kwenye skrini, mweupe, mzima,
Baba hakugeuza hata shingo.
Akanyanyua mkono. "Rudisha."
Nikarudisha.
"Tena."
Tak-tak. Tak-tak. Tak-taka.
"Kiungio hicho kimelegea. Bolti moja, labda mbili.
Nani yuko gengi siku hizi?"

Sikuwa na jina hata moja la kumpa.
Nazijua ishara, najua kila kibao cha kilomita,
najua Kajiru anaweka vijiko vingapi vya sukari.
Wanaolala na koleo chini ya safari yangu
nimewapungia tu mkono, nikiwa juu.

Jumatatu nilimweleza Kajiru. Alicheka,
kisha pale pale penyewe akapunguza mwendo
akatoa kichwa nje. Kokoto. Mjusi.
Tak-taka, chini ya miguu yetu.
Akafungua daftari, akaandika kilomita na saa,
akafika kwenye "imeripotiwa na",
kalamu ikasimama.
"Niandike nani?"

Nikamtajia: Ndekirwa, gengi namba tisa.
Aliandika polepole,
kama mtu anayechonga.

Siku hizi sihangaiki na mpira wa baiskeli.
Simu naiweka sakafuni, nyuma ya kiti changu,
inalalia tumbo kwenye chuma kinachotetemeka.
Arusha hadi Moshi, saa tatu za giza tupu:
hakuna mbuzi, hakuna maua, hakuna mlima.

Jana nilimwekea kifuani, nikaketi kando,
nikavua viatu. Aligonga kidole mpaka mwisho.
Pale kwenye tak-taka kidole kilisubiri,
kikapita tak-tak, kikaendelea.

"Leo imetoka safi," akasema.
Halafu, nikidhani amesinzia:
"Rundugai mlinyeshewa."